Mlinzi wa Simu ya Theodora Haondoki

Nyumbani kwa Mama Theodora,
Mtaa wa Isevya,
Tabora.
21 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Julieth,

Shikamoo wifi. Namwomba Mungu barua hii ikukute unapumua vizuri, na lile goti lililokutesa masika liwe limekusamehe. Shemeji Valentino hajambo? Agnetha naye anaendeleaje na masomo? Nasikia huko Masasi mikorosho imechanua vizuri mwaka huu. Basi Mwenyezi Mungu aishikilie hadi mvune, maana shamba likisifiwa mapema huwa naogopa.

Sisi huku hatujambo kwa neema yake. Vumbi ni la kawaida yake, na jua la mwezi huu unalijua, hata mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Theodora amekuwa mrefu, sasa ananipita kwa kitambaa cha kichwa. Asali ya msimu ilikuwa nzuri, nimechuja nyingi kuliko mwaka jana, na dumu dogo unalolipokea pamoja na barua hii ni la wale nyuki wa upande wa Sikonge uliowapenda. Usimpe shemeji lote. Nimefunga na michembe kidogo, viazi vitamu nilivyokausha mwenyewe, nikijua huko hamna.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Wifi, ile siku uliponipigia tulianza kwa salamu tukaishia kwa kukatiana. Ulisema lako kwa hasira, nami nilitaka kusema langu, mtandao ukakata, au ulikata wewe, sijui. Karatasi haikati. Utaniacha niseme mpaka mwisho, halafu utanijibu.

Nianze na yale uliyosema, ili usidhani nimeyasahau. Ulisema simu ile uliinunua wewe ili mtoto wa marehemu kaka yako asome, si ili mimi nimfunge kamba kama ndama. Ulisema nimemdhalilisha baba yenu mzazi, Mzee Ngollo, uzeeni mwake. Ukasema ndugu yako Silasi ana haki, na kama mimi siwezi kulea bila mashine, basi mtoto aende akalelewe kwake Nzega. Hayo ndiyo uliyosema. Nimeyaweka moyoni yote, na hakuna hata moja nililokuja kulikubali leo, isipokuwa nusu ya lile la Mzee.

Sasa nisikilize mimi, maana uliyoyajua umeyapata kwa Silasi.

Simu yako ilipofika, nilifurahi kuliko hata mtoto. Lakini wifi, mimi ni mama peke yangu. Marehemu Elieza angekuwepo tungegawana macho. Nikiwa kwenye asali huwa natoka na alfajiri, narudi na jua la jioni, na mtoto yuko na kitu mkononi ambacho dunia nzima inaweza kuingilia humo bila kubisha hodi. Nyumba yangu ina mlango wa mbao na komeo la chuma. Simu haikuwa na mlango. Nikamwendea Najiat, jirani yangu yule mwenye duka la simu na vocha, mama wa watoto wanne, nikamuuliza wao wanafanyaje. Akaniambia ipo programu ya wazazi, yeye amewawekea wanawe. Unaiweka kwenye simu ya mtoto, nyingine inakaa kwenye yako. Inafunga picha chafu. Saa ya kulala ikifika inazima mtandao. Mtoto akitaka kupakua kitu kipya inakuuliza kwanza. Na unaweza kuiandikia maneno unayoyaogopa, likitokea mojawapo kwenye ujumbe inakupigia kengele.

Sikuiweka kwa siri. Hilo nataka ulijue, maana Silasi amesema huko kwamba nampeleleza mtoto. Nilimkalisha Theodora hapa mkekani nikamwonyesha kila kitu. Alinuna.

"Mama, wenzangu wakijua watanicheka."

"Wakicheka uwaambie wana bahati mbaya, mama zao wamelala."

"Sasa utasoma kila ninachoandika?"

"Sina muda huo. Itanipigia kengele kukiwa na jambo. Kusipokuwa na jambo, mimi na wewe tuna amani."

Akaniita mkoloni. Mpaka leo mtandao ukizima saa tatu hujisemea kwa sauti, "Mkoloni amefunga geti." Nacheka, lakini geti nafunga.

Basi nikayaandika maneno. Hapo ndipo nilipokosea, na hiyo ndiyo nusu niliyokuambia. Niliketi na Najiat nikataja yale ambayo mtu mwenye nia mbaya angemwandikia binti: nitumie picha, usimwambie mama, tukutane, mpenzi. Nikataja na "mke wangu". Nikasema, nani mwenye akili timamu atamwandikia mtoto wa kidato cha kwanza mke wangu? Nikachagua kwamba namba yoyote itakayorudia neno hilo ifungwe yenyewe, ujumbe usiingie, simu isiite.

Najiat ni mtu wa Ujiji, hakujua. Mimi, mkamwana wa Wanyamwezi, Mnyamwezi mwenyewe, niliyeitwa mke na babu yangu tangu nabebwa mgongoni, nikasahau. Babu na mjukuu wake wa kike ni mume na mke kwa utani, nani asiyejua? Mzee Ngollo kila asubuhi hupanda kile kichuguu nyuma ya zizi kutafuta mtandao, na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, anaandika kwa herufi kubwa tupu: HABARI YA ASUBUHI MKE WANGU. LEO UNANIPIKIA NINI? Na Theodora humjibu, "Nakupikia mawe, mume wangu huna meno." Huo ulikuwa ndio mchezo wao tangu Elieza alipotutoka. Mimi nilijua wanaandikiana, ila nilikuwa nimezoea kiasi kwamba sikuusikia tena, kama mtu aliyejenga karibu na reli.

Programu ikamfunga Mzee. Akaandika, hapati jibu. Akapiga, haiiti. Theodora naye akadhani babu amechoka naye, akaona haya kuuliza. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba Mzee alikuwa akishuka kichuguuni amenyamaza, anakwenda moja kwa moja kuhesabu ng'ombe ambao hata hawajatoka. Mimi kengele ile niliiona kwenye simu yangu, lakini ilionyesha namba tu, na namba ya Mzee nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu ya zamani. Nikasema, ahaa, mwizi wa kwanza amenaswa! Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Wifi, nilimshukuru Mungu kwa kumfungia baba mkwe wangu. Nikikumbuka nataka kujifunika.

Ilipogundulika kwamba namba iliyofungwa ni ya Mzee, Silasi akaitisha kikao Ziba, nyumbani kwa wazee. Wewe hukuwepo, acha nikuambie kilivyokuwa, maana aliyekusimulia alikuwa ndiye msemaji.

Tulikaa uani, wanaume upande ule, sisi upande wa jiko. Mzee alikaa kitini kwake. Silasi akasimama.

"Shemeji, umemfungia baba yangu kama mwizi wa kuku."

Nikasema, "Shemeji, ilifunga programu."

"Na programu hilo neno ilijifunzia wapi? Ilizaliwa hapa Ziba?"

Watu wakacheka, na haki walikuwa nayo. Mimi mwenyewe ningekuwa mgeni pale ningecheka. Lakini hakuishia hapo. Akasema mwanamke wa darasa la saba, ambaye juzi alikuwa anauliza kitufe cha kuwashia kiko wapi, leo amejifanya polisi wa mtandao. Nikamjibu, "La saba nimesoma, na kuzaa nimezaa." Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakakohoa, ikawa vurugu. Ndiyo maana unaambiwa nilimvunjia heshima. Kama hayo ni kuvunja heshima, basi nilivunja.

Nikaomba radhi kwa Mzee. Nilipiga magoti mbele ya watu wote, kwa kupitia mama mkwe kama inavyotakiwa, maana baba mkwe si mtu ninayeweza kumtazama usoni nikamwambia neno "mke". Namba yake niliifungua palepale, na ile amri ya kufunga nikaizima, ibaki kengele tu. Nilidhani yamekwisha.

Silasi akasema hayajaisha. Hataki namba kufunguliwa, anataka programu itolewe. Nikauliza kwa nini. Akasema ukoo hauwezi kukaguliwa na mashine ya watu wasiotujua. Wakakubaliana: hadi shule zitakapofungwa Desemba iwe imetoka, ama Theodora ahamie kwake Nzega, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Hivi hivi, kama wanahamisha ndama wa kulisha. Na wote wakasema wanasubiri neno la mwisho la shangazi mkubwa, yaani wewe.

Wifi, sitakuficha. Niliporudi Tabora nilikuwa nimeshindwa. Nilisema moyoni, kuliko nipoteze mtoto, acha niitoe. Kanisani Jumapili ile sikuimba, nilikaa tu. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Dada, wewe omba tu, Mungu ndiye mlinzi." Nikaitika amina. Kesho yake nikapanga nipite kwa Najiat aniondolee.

Kabla sijapita, kengele ililia.

Nilikuwa sokoni, mikono imejaa asali. Nikaifuta kwenye khanga, nikatazama. "Mke wangu" tena. Safari hii haikuwa namba ya Mzee, hiyo nilikuwa nimeshaihifadhi kwa jina lake. Nikasema labda ni mtani mwingine, shuleni huko, watoto wa siku hizi. Halafu ikalia tena, na maneno yalikuwa mengine niliyoyaandika kwa mkono wangu: usimwambie mama.

Nilifunga meza nikarudi nyumbani kwa miguu, sijui kwa nini sikupanda bodaboda. Theodora alipotoka shule nilimwomba simu. Sikumpigia kelele. Tukasoma pamoja.

Mtu huyo aliingia kwenye kundi lile la mtandaoni wanakosaidiana hesabu. Akamfuata mtoto pembeni. Hana picha yake, ameweka picha ya mnazi. Akajitambulisha kuwa ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, akaandika, "Wanyamwezi mlipita kwetu na mizigo ya pembe mkatuachia deni, sasa nimekuja kudai mke." Theodora akacheka, akamjibu kwa utani, kama anavyomjibu babu yake. Ikaenda hivyo, siku nyingi, bila kutaja hata neno moja la orodha yangu, maneno ya kuchekesha kweli, hata mimi pengine ningecheka. Kisha akaanza kumuuliza mama anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi. Kisha akataka picha, si ya sare za shule, akasema ajipige akiwa amejifungia chumbani. Na akamwambia, usimwambie mama, utani wa mume na mke haupelekwi kwa mama, ukipelekwa unaharibika.

Mtoto alikuwa hajatuma. Namshukuru Mungu, na safari hii nashukuru nikijua ninachoshukuru. Lakini nisikilize alichonijibu nilipomuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa macho ya kweli kabisa.

"Mama, si mtani? Babu naye si ananiita hivyo hivyo?"

Hapo, wifi, ndipo nilipokaa chini.

Maana mtoto hakukosea. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba mtu mzima akikuita mke wangu ucheke, na akiwa mtani ana ruhusa. Ni mila nzuri na mimi siiachi. Wazee wetu walitembea toka hapa hadi baharini na mizigo mabegani, wakaishi na watu wa kule, wakazikana na kuchekana, utani ukazaliwa njiani. Lakini unakumbuka kwenye msiba wa Elieza? Yule fundi wa reli, Lukumani, Mzaramo wa kweli, alikuja akavaa viatu vya marehemu, akazunguka navyo uani akidai vinambana, marehemu alikuwa mchoyo hata wa miguu. Tulicheka na machozi yanatoka. Alikuja na sura yake, wifi. Alisema mbele ya wote, mbele ya maiti, mbele ya mama mkwe. Mtani hana siri. Utani ukisema usimwambie mama, huo si utani, ni mtego uliopakwa utani juu.

Na mtego ule ulifichuliwa na mlango ule ule ambao Silasi anataka niubomoe.

Nilikwenda polisi, kwenye dawati la wanawake na watoto. Mama mmoja askari alinipokea vizuri, akachukua nakala ya maneno yote, akasema nisimjibu yule mtu wala nisifute kitu. Bado hajapatikana. Huenda si Mzaramo, huenda si wa pwani, huenda yuko mtaa wa pili. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba napishana na watu sokoni nikiwaza, ni wewe? Mwalimu mlezi nimemwambia, na kundi wamelisafisha.

Nikampigia Silasi, nikidhani sasa ataelewa. Unajua alisema nini? "Umeona sasa? Tatizo ni simu, mnyang'anye." Nikamwambia, "Simu ni ya masomo, aliinunua dada yako." Akasema, "Basi mwache, mtu mwenyewe yuko mbali, angemfanya nini?" Kwenye sentensi mbili alinipa dawa mbili, nyang'anya na acha. Katikati hapajui. Mimi naishi hapo katikati, wifi. Wazazi wote tunaishi hapo.

Ndipo nikafunga safari ya Ziba mwenyewe, bila kuitwa. Nilibeba asali ya wazee. Nilifika jua limeanza kushuka, ng'ombe wanarudi. Sikuingia kikaoni wala kuita watu. Nilikaa kwenye kinu kilichoinamishwa, nimempa Mzee mgongo kama adabu inavyotaka, mama mkwe katikati yetu akichambua karanga. Nikamsimulia mama mkwe yote. Mzee alikuwa hatua chache tu, anasikia kila neno, lakini tulipitisha kwa mama kama watu walio ng'ambo ya mto.

Nilimaliza. Nikasikia Mzee anavuta kiti.

"Mwambie mama mkwe wangu," akasema.

Wifi, nilishtuka. Kwa utani wao, mimi nikiwa mama wa mke wake, huwa ananiita mama mkwe wake. Alikuwa hajaniita hivyo tangu kikao.

"Mwambie mama mkwe wangu, mtu huyo ameiba jembe langu. Amelichukua akaenda kuchimbia makaburi."

Mama mkwe akanigeukia: "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Mwambie baba, Najiat ameniambia naweza kuiweka namba yake pembeni siku zote, isikaguliwe kabisa. Yeye aandike anavyotaka."

Kisha Mzee akacheka kidogo puani, unamjua.

"Mwambie asiniweke pembeni. Kitochi changu hiki nani asiyekishika? Mchungaji ng'ombe akiomba kumbip mkewe, nampa. Wapita njia wa kwenda mnadani wananiomba, nawapa. Akiifungulia namba yangu amekifungulia kijiji kizima. Nami nipite mlangoni kama wengine. Nikitaka kumwita mke wangu, nitapanda gari niende Tabora nimwite kwa mdomo, na jogoo mkononi, majirani wasikie."

Mama mkwe akamwambia, "Mzee mzima, una wivu na mashine!"

"Sina wivu. Nataka tu yule mwizi akifika mlangoni anikute na mimi nimesimama foleni, aone haya."

Nililia, wifi. Nilikuwa nimegeuka, wakadhani nafukuza moshi.

Sasa Mzee anaandika, HABARI YA ASUBUHI THEODORA. Basi. Ujumbe unapita, lakini nikiuona pale juu ya kioo cha simu ya mtoto unanichoma. Kuna kitu tumekitoa katika nyumba hii, na mwizi yule ndiye aliyekitoa, si mimi, wala si programu. Theodora naye amelielewa vizuri kuliko alivyolielewa baba yake mkubwa. Nilipomuuliza kama anataka kwenda Nzega, alisema, "Nikienda, mkoloni naye aje." Kisha akaongeza kwamba angalau nimsogezee geti mpaka saa nne siku za Ijumaa. Nimesogeza. Mimi si jiwe.

Silasi amesikia maneno ya Mzee. Amesema mzee amelainishwa kwa asali, na kikao cha Desemba kipo palepale. Na kila ninayemuuliza ananijibu: tunamsubiri Shangazi Julieth.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na naandika kwa heshima yote, maana wewe ni mkubwa wangu na ni wewe uliyenishika mkono siku tunamfukia Elieza. Ukisimama na mimi, nitakushukuru mpaka kaburini. Ukisimama nao, nakuambia mapema ili nisikuaibishe mbele ya watu: sitaitoa. Na Theodora hatoki Isevya. Waje na ukoo mzima, waje na viti vyao, watanikuta nimekaa mlangoni nachuja asali. Mimi nilimzaa, mimi nimemzika baba yake, na mimi ndiye niliyesoma yale maneno ya mwenye picha ya mnazi. Hakuna mwingine kwenye kikao aliyeyasoma. Mtu ambaye hajayasoma asinifundishe jinsi ya kufunga mlango.

Wananiambia niombe. Naomba. Asubuhi naomba, jioni naomba, na nikisema amina naenda kuweka komeo. Sijawahi kuona Mungu amechukia komeo.

Jambo moja zaidi, nalo ni la mapenzi, usilichukue vibaya. Agnetha ana simu, na Agnetha ana babu huyu huyu, na utani huu huu. Kaa naye leo. Usimpige, usimtishe. Muulize tu kama kuna mtani asiyemjua sura. Ukihitaji programu, nitamwomba Najiat akuelekeze kwa simu, polepole, kama alivyonielekeza mimi. Ina kazi kidogo, lakini kama mimi nimeweza na la saba langu, wewe utaweza huku unakunywa chai.

Nisalimie sana shemeji Valentino, mwambie kuku aliyeniahidi bado namsubiri. Msalimie Agnetha, na yule mama wenu wa kanisani tuliyeimba naye Pasaka. Mzee na mama mkwe wanakusalimu, wako salama, mama anasema miwani uliyomtumia inamfaa. Theodora anakusalimu shikamoo nyingi, na anasema simu inasoma kweli, hesabu amepanda. Najiat naye, ingawa hamjaonana, anasema salaam aleikum.

Mungu wa wajane na yatima awafunike hapo mlipo, asimame kizingitini kwenu kila jua linapotua, na akupe moyo wa kunisikia kabla hujanihukumu.

Nijibu upesi, wifi, kwa karatasi au kwa simu, ukubali au ukatae, lakini nijibu mimi mwenyewe na si kupitia Silasi. Nangoja.

Ni mimi nikupendaye hata tukigombana,
wifi yako,
Recheli